Maktaba Iliyozinduliwa kwa Mazoezi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa muhuri, kidau cha wino na meza yenye mguu mmoja mfupi. Nilivaa gauni jipya la bluu ambalo baba yangu, fundi cherehani wa mtaa wa Ng'ambo mjini Tabora, alilishona kwa siku mbili huku akimsimulia kila mteja kwamba binti yake Mwanaidi anakwenda kufanya kazi ya ofisini, kazi isiyochafua mikono. Kufikia saa nne asubuhi mikono yangu ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko, na pindo la gauni lilikuwa limeandikwa MALI YA MAKTABA. Jioni baba alilisoma, akainua macho, akaniuliza kama hiyo ndiyo sare.

Bosi wangu wa kwanza alikuwa Mkutubi wa Mkoa. Mkutubi ni mtu aliyesomea kazi ya maktaba. Mimi nilikuwa msaidizi tu, na tofauti yetu alinieleza kabla sijakaa. "Mkutubi anajua kitabu kiko wapi," alisema. "Msaidizi anakwenda kukileta." Alikuwa mrefu na mkimya, na alitembea katikati ya makabati kama mtu anayepita mbele ya watu wanaoswali.

Alinifundisha kwamba kitabu kipya hupigwa muhuri mahali patatu: ukurasa wa jina, ukurasa wa mwisho, na ukurasa wa siri. Mwizi akichana ule wa kwanza na ule wa mwisho, wa siri unabaki ndani kumshtaki. "Ukurasa wetu wa siri ni wa thelathini na moja," aliniambia kwa sauti ya chini, ingawa tulikuwa wawili tu chumbani. "Usimwambie mtu."

Nilipiga muhuri vizuri mpaka nilipofikia rundo la vitabu vya watoto. Cha kwanza kilikuwa na kurasa kumi na sita. Nikaenda kubisha hodi kwake.

"Shikamoo mzee. Kitabu hiki hakina ukurasa wa thelathini na moja."

Alikipokea, akakifungua mbele, akakifungua nyuma, akakitikisa kidogo.

"Hiki hakina siri," akasema, akanirudishia.

Kwa mzee huyo nilijifunza kila nilichokuja kukitumia baadaye. Nilijifunza leja ya usajili, yaani daftari kubwa ambamo kila kitabu hupewa namba yake siku kinapoingia, kama mtoto anavyopata cheti cha kuzaliwa. Nilijifunza kuainisha, yaani kupanga vitabu kwa mada ili cha ufugaji kisikae na cha mapishi, ingawa kuku alitupa tabu kila mara. Nilijifunza kushona kitabu kilichoachia kurasa, kazi ambayo baba alinisahihisha nyumbani kwa sababu mishono yangu, alisema, ilikuwa ya kienyeji. Nilikaa pale miaka mingi, nikapelekwa kozi, nikarudi nikiwa mkutubi kamili. Hata hivyo mzee alipotaka kitabu aliendelea kunituma mimi.

Kisha ukaja mradi wa maktaba za vijijini. Mratibu wa Mradi, kijana mwenye suti na simu mbili, alikuja Tabora kutafuta mkutubi wa kwenda kuanzisha maktaba ya watoto katika vijiji vya Sikonge. Alitukusanya, akauliza nani kati yetu anaweza kuishi mahali pasipo na umeme na kuendesha baiskeli kwenye mchanga. Wenzangu wote wakatazama dari. Mimi nilichelewa kutazama, na hivyo ndivyo nilivyopata cheo cha Msimamizi wa Maktaba za Jamii.

Kijiji cha kwanza kilikuwa Itundulu, ndani kabisa ya msitu wa miombo, kijiji cha wakulima wa tumbaku na warina asali. Hakukuwa na jengo. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Kapaya, alinipokea kwa heshima akanionyesha ghala kuukuu la tumbaku ambalo chama cha wakulima kilikuwa kimeliacha baada ya kujenga jipya. Lilikuwa na kuta nene na paa zima, na harufu ya tumbaku iliyotosha kumlewesha mtu aliyesimama mlangoni.

"Itatoka ikipigwa chokaa," alisema mwenyekiti.

Haikutoka. Mpaka leo ukikutana na kitabu cha Itundulu utakijua kwa pua kabla hujakifungua. Mama mmoja aliwahi kuja kulalamika kwamba mwanawe amerudi nyumbani ananuka sigara, na ikabidi nimpeleke ndani akanuse kabati moja baada ya jingine mpaka akaridhika.

Wanakijiji walifanya kazi ile kwa moyo. Wanaume walitoboa madirisha, wakaweka wavu. Seremala wa pale alitengeneza rafu za mninga, nami nikamfundisha kuweka kila mguu wa rafu ndani ya kopo lenye oili chafu ili mchwa wasipande. Wanawake wa Moravian na wa Katoliki, ambao kwa kawaida walishindana hata kwa nyimbo, walifyatua tofali pamoja, na kwa tofali hizo kikajengwa choo cha matundu manne nyuma ya maktaba, kwa kuwa mradi ulisema hakuna maktaba ya watoto bila choo. Vitabu vikaja kwa lori. Nikavipiga muhuri, nikaviandika kwenye leja, nikaviwekea kadi, nikavipanga. Ilibaki kufungua mlango tu.

Mratibu akapiga simu. Kupokea simu Itundulu kulitaka upande juu ya kichuguu kilichokuwa karibu na shule, kwa hiyo mazungumzo yetu mengi niliyafanya nikiwa nimeinuliwa juu ya watu kama mhubiri.

"Bi Mwanaidi, kitabu chochote kisiguswe mpaka mgeni rasmi azindue," alisema. "Wafadhili wanataka picha za vitabu vipya, watoto wakivishika kwa mara ya kwanza. Ile sura ya mshangao, unanielewa?"

"Nakuelewa. Anakuja lini?"

"Wiki ijayo."

Nikafunga mlango kwa kufuli. Mwenyekiti naye akakifunga choo, maana alisema kama ni uzinduzi basi ni uzinduzi.

Wiki hiyo mvua ilikata barabara. Iliyofuata mgeni rasmi alipata safari. Baadaye nikaambiwa mgeni rasmi amehamishwa na anatafutwa mwingine. Miezi ikapita. Kila mchana watoto walitoka shuleni wakaja kubandika nyuso zao kwenye wavu wa dirisha, wakitazama vitabu kama watu wanavyotazama chakula cha harusi wasiyoalikwa. Walirudi nyumbani na alama za miraba kwenye pua. Mchwa walipata njia ya ukutani, wakaanza rafu ya chini. Hao hawakusubiri mgeni rasmi.

Aliyenitesa zaidi alikuwa msichana mmoja wa darasa la tatu, Nyamizi, binti wa mrina asali. Mwalimu wake aliniambia amerudia darasa na bado hajui kusoma, na kwamba akipewa kitabu huvizia sauti ya mwenzake kisha huifuata kwa nyuma. Lakini alikuwa ameona dirishani kitabu chenye picha ya mzinga kwenye jalada. Alikuja kila siku kuniuliza swali lile lile.

"Shikamoo, bibi. Kile cha nyuki kinasema nini?"

"Marahaba. Utakisoma tukifungua."

"Mtafungua lini?"

Nilikuwa na umri wa kutosha kuitwa bibi na nilikuwa namficha mtoto kitabu. Nilijua pia kwamba mkataba wangu na mradi ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, na mratibu ndiye aliyeutia saini. Ningefungua mlango bila ruhusa, ningerudi Ng'ambo kushona vifungo.

Nikaandika barua kumweleza mratibu habari za mchwa. Jibu lilikuja na dereva wa lori la tumbaku, limeandikwa kwa mashine, lina muhuri. Lilisema tuwe na subira, na likaendelea: "Wakati mkisubiri tarehe mpya, endeleeni kufanya mazoezi ya uzinduzi kwa mujibu wa ratiba iliyoambatanishwa, ili siku ikifika kila kitu kiende sawa."

Nilisoma ile ratiba nikiwa nimesimama. Wageni kuwasili. Wimbo. Hotuba ya mgeni rasmi. Kukata utepe. Na kipengele cha mwisho: watoto waazime vitabu mbele ya mgeni rasmi.

Nikaisoma tena nikiwa nimekaa. Kisha nikaenda kwa Mzee Kapaya.

"Mwenyekiti, tumeagizwa kufanya mazoezi."

"Ya nini?"

"Ya uzinduzi. Barua hii hapa, ina muhuri."

Aliishika barua, akaupapasa muhuri kwa kidole. "Na mgeni rasmi atakuwa nani?"

"Nilidhani wewe."

Alitazama kandambili zake. "Ngoja nikavae viatu," akasema.

Jumatano ile tulifanya mazoezi ya kwanza. Mwenyekiti alikuja kwa baiskeli, akashuka mbali kidogo ili tupate nafasi ya kumpokea. Watoto wakaimba. Akatoa hotuba ya dakika mbili, akakata utepe mwekundu niliokuwa nimeuchana kwenye kipande cha kanga, tukaingia. Watoto wakapanga mstari, kila mmoja akachagua kitabu, nami nikatoa kadi mfukoni mwa kitabu, nikaandika jina na tarehe ya kurudisha. Huko ndiko kuazimisha. Hakuna zaidi ya hapo katika kazi yetu, mengine yote ni maandalizi.

Mwenyekiti alinivuta pembeni. "Sasa wanaondoka navyo?"

"Ratiba inasema waazime. Aliyeazima huondoka nacho."

"Na wiki ijayo?"

"Watavirudisha, tuvitumie kwenye mazoezi ya pili."

"Na katikati wakivisoma?"

"Ratiba haisemi wasisome."

Akarekebisha kola ya shati lake. "Mimi ni mgeni tu," akasema. "Sijui taratibu zenu."

Tukafanya mazoezi kila Jumatano. Baba alitutumia kutoka Ng'ambo furushi la vipande vyekundu, tukawa na utepe mpya kila wiki. Hotuba ya mwenyekiti ilianza na dakika mbili ikafika nusu saa. Aliongeza salamu kutoka makao makuu, kisha akaongeza ahadi ya barabara, na siku moja aliahidi umeme, ikabidi nimkumbushe kwamba wananchi waliokuwa wakimpigia makofi ndio watakaomdai. Akaacha umeme, akabaki na barabara. Mkewe alinilalamikia kwamba siku za Jumatano hata nyumbani hajibu mpaka aitwe mheshimiwa.

Lakini alifanya jambo moja ambalo sikumwomba. Baada ya kukata utepe alikuwa akipita kwa watoto, mikono nyuma kama wakubwa wanavyofanya, na kumuuliza kila mmoja: "Wiki iliyopita ulisoma nini? Kilisemaje?" Mtoto asiyekuwa na jibu aliambiwa kwa upole kwamba mgeni rasmi amesafiri kutoka mbali na hastahili kujibiwa kimya. Hakuna aliyekosa jibu mara mbili. Nimehudhuria semina nyingi za kukuza usomaji, na sijaona mbinu iliyoishinda ile.

Nyamizi alichukua kitabu cha nyuki mazoezi ya kwanza. Alikiangalia picha kwa picha akamsimulia baba yake. Baba yake, ambaye alikuwa na mizinga kwenye miti msituni na makovu ya miaka kwenye mikono, alisikiliza, akasema kitabu hicho ni cha uongo. Mtoto akarudi kwangu amenuna.

"Baba anasema kitabu kinadanganya."

"Kinasema nini?"

"Sijui. Niliangalia picha."

"Basi hamwezi kugombana na kitabu mpaka mjue kinasema nini."

Akakaa chini kwenye mkeka. Tulianza na neno *nyuki*, ambalo alilijua kwa kubahatisha, tukaenda *mzinga*, tukaenda *nta*. Alikuja kila alasiri, na kwa kuwa mlango ulikuwa umefungwa siku zisizo za mazoezi, tulikaa kwenye ngazi ya nje. Maneno yote aliyajifunza kwa hasira ya kutaka kujua nani kati ya baba na kitabu ni mwongo. Alikiazima kitabu kile mara nyingi mpaka kadi yake ikajaa jina moja kutoka juu hadi chini, na kurasa zikashikamana kwa asali, nikawa nazitenganisha kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu.

Kisha, bila dalili, mratibu akapiga simu. Mgeni rasmi amepatikana, ni kiongozi kutoka mkoani, anakuja kesho kutwa. Niliteremka kwenye kichuguu mbio. Vitabu nilivyotakiwa kuvionyesha kama vipya vilikuwa vimesomwa na kijiji kizima. Nilivipangusa, nikavishona, nikageuza vile vilivyochanika upande mzuri uwe mbele. Mwenyekiti nilimkuta anapiga pasi suruali.

"Kesho kutwa wewe ni mwenyekiti," nilimwambia. "Mgeni rasmi ni yule mwingine."

"Najua, Bi Mwanaidi," alisema, lakini hakuinua macho kutoka kwenye pasi.

Siku yenyewe magari matatu yalikuja na vumbi lao. Mgeni rasmi alikuwa mama mnene mwenye miwani, aliyewahi kuwa mwalimu kabla ya kupata uongozi, na alishuka akijipangusa kwa ukingo wa kitenge. Mratibu alikuwa naye, amevaa suti, na mpiga picha mbele yake. Watoto wakaimba vizuri mno. Mama akatoa hotuba fupi. Watoto wa mstari wa mbele walinong'onezana, na nikamsikia mmoja akisema kwamba huyu hajui, amesahau barabara.

Mwalimu Mkuu wa shule akaleta mkasi kwenye sinia. Kwa mazoea aliyoyapata Jumatano zote zile, alipita moja kwa moja akamsogezea Mzee Kapaya. Na Mzee Kapaya, kwa mazoea hayo hayo, akauchukua, akasema, "Natamka rasmi," akakata utepe.

Watoto wakapiga makofi. Kisha yakaisha, na hakuna aliyejua la kufanya baada yake. Utepe ulikuwa chini. Mwenyekiti aliutazama mkasi mkononi mwake kana kwamba mtu mwingine ameuweka pale. Mratibu alikuwa amebadilika rangi.

"Samahani, mheshimiwa," mwenyekiti alisema. "Nilisahau kwamba umekuja."

Mgeni rasmi aliruka utepe akaingia ndani, na sisi tukamfuata kama watu wanaokwenda kusomewa hukumu. Alinusa, akapiga chafya mara mbili, akatoa kitabu kwenye rafu. Kwa bahati mbaya kilikuwa cha nyuki. Akakifungua, kurasa zikaachana kwa sauti ya kunata. Akatazama kadi yenye jina moja kutoka juu hadi chini.

"Nyamizi ni nani?"

Nyamizi akasogea. "Shikamoo."

"Marahaba. Hiki umewahi kukiona?"

Mratibu alikuwa amesimama nyuma ya mgeni, akimtikisia mtoto kichwa kwamba aseme hapana.

"Ndiyo," alisema Nyamizi. "Nilikirudisha juzi."

"Nisomee."

Akakisoma. Hakuifuata sauti ya mtu, kwa sababu chumba chote kilikuwa kimya. Alikwama kwenye neno *malkia*, akalirudia, akapita. Nami, mtu mzima, nilijikuta nimeshika rafu kwa mikono miwili. Alipofika ukurasa wa nne akasimama, akaweka kidole kwenye mstari.

"Hapa baba anasema wamekosea."

"Wamekosea nini?"

"Wanasema mzinga uwekwe karibu na ardhi. Baba anasema ukiuweka hapo nyegere atakushukuru sana."

Mama akavua miwani, akacheka mpaka akashika kiuno. Kisha akageuka kwangu, na kicheko hakikuwepo tena usoni.

"Wewe ndiye mkutubi. Maktaba hii ilifunguliwa lini?"

Nikamweleza yote: mchwa, barua, ratiba, Jumatano. Barua nilikuwa nayo kwenye mkoba. Akaisoma, akamtazama mratibu, akairudia.

"Sasa mimi nimekuja kuzindua nini?" aliuliza.

Mzee Kapaya, aliyekuwa bado ameshika mkasi, akakohoa kidogo.

"Kuna choo, mheshimiwa. Choo hatukukifanyia mazoezi."

Na kweli, kilikuwa bado na kufuli la mwenyekiti. Tukauokota utepe, tukaufunga fundo, tukaupitisha mbele ya choo cha matundu manne. Mama aliukata kwa heshima zote, na hotuba aliyoitoa pale ilikuwa nzuri kuliko ile ya kwanza, maana sasa alizungumza kama mwalimu. Picha iliyopelekwa kwa wafadhili inamwonyesha akiwa na mkasi, watoto wanacheka, na nyuma yao mlango wa bluu. Nasikia walidhani ndiyo maktaba.

Jioni mratibu alinisubiri karibu na gari.

"Bi Mwanaidi, umeniaibisha."

"Nilifuata barua yako, bwana."

"Barua ilisema mazoezi."

"Ndiyo. Ndiyo maana wamezoea."

Nilipata barua ya onyo, ambayo ninayo mpaka sasa. Inasema niliruhusu maktaba kutumika kabla haijawa maktaba. Mkataba wangu haukukatwa, kwa sababu mgeni rasmi aliomba kwa maandishi kwamba vijiji vingine navyo vifanyiwe mazoezi kabla ya uzinduzi. Mratibu mwenyewe ndiye aliyelazimika kuandika mwongozo wa mazoezi hayo, na akanipigia simu, kwa sauti ya mtu anayemeza kidonge, kuniuliza utepe ulikuwa na urefu gani.

Baada ya Itundulu nilipelekwa Kaliua, kuendesha masanduku ya vitabu. Sanduku la vitabu ni maktaba ndogo ya mbao yenye mpini pande mbili, inayokaa shule moja kwa mwezi kisha inahamia nyingine. Yetu yalisafiri kwa treni, maana pale ndipo reli ya Mpanda inapoiacha ile ya Kigoma. Mkuu wa Stesheni alikuwa mtu wa kanuni, akataka kujua kama sanduku ni mzigo au abiria. Nikamwambia ni mwalimu. Akaliandikia risiti ya mzigo. Mara moja sanduku la shule ya njiani lilipitilizwa mpaka Mpanda, na lilikaa huko muda wa kutosha kunikosesha raha. Liliporudi halikuwa limepungua hata kitabu kimoja, na ndani mlikuwa na karatasi kutoka kwa wapakizi wa mizigo: walishukuru, na waliomba sehemu ya pili ya ile hadithi ya fisi.

Nimestaafu sasa. Siku ya kukabidhi ofisi, afisa aliyekuja kupokea alikuwa binti mwenye kompyuta, mstaarabu sana, na alipita leja yangu akiandika *kimepotea* mbele ya kila kitabu ambacho hakikuwa kwenye rafu. Nilimwambia hakijapotea, kiko kwa mama fulani Usoke, anamsomea mkwewe asiyeona. Kingine kiko kwa mlinzi wa ghala. Alinisikiliza, akasema kompyuta haina nafasi ya maelezo hayo.

Basi nilipopata muda nikaamua kwenda kukirudisha angalau kimoja, niondoe aibu. Kilikuwa kitabu cha hadithi, habari za mwanamke anayefuata mto ili ajue unaishia wapi. Niliifuata kadi yake ya kuazimia mpaka nyumba moja nje ya Sikonge, nikakuta mama na watoto watano wanachambua majani ya tumbaku. Kitabu waliniletea wenyewe, bila jalada, kimefungwa kwa kamba ya katani.

"Tusamehe, bibi," mama alisema. "Kurasa za mwisho zililiwa na mbuzi."

Watoto wakaanza kunieleza kwamba haidhuru, kila mmoja ana mwisho wake. Mkubwa alisema mto unaingia ziwani. Wa pili alisema unakauka kiangazi, mwanamke anarudi nyumbani amekasirika. Mdogo kabisa alisema unaishia kwa shangazi yake. Waligombana kidogo, kisha wote wakanigeukia mimi, mwenye kitabu.

"Bibi, mwisho wenyewe ni upi?"

Kitabu kile nilikipiga muhuri kwa mkono wangu. Nilikipa namba, nikakiandikia kadi, nikakiazimisha kwa watoto ambao sasa wana watoto wao, nikakishona mgongo mara mbili. Ninyi mnaoanza kazi hii, sikilizeni neno la mtu aliyeifanya maisha yake yote. Sikuwahi kukisoma.

Niliwaambia ukweli. Hawakunicheka, walishangaa tu, kama watu waliosikia kwamba muuza maji hajawahi kunywa. Yule mkubwa akasogeza majani ya tumbaku, akanipisha nafasi kwenye mkeka, akafungua ukurasa wa kwanza, akaanza kunisomea.